Kisima Kilichochimbwa Mara ya Pili

Jina la Mama Povu hakupewa na wazazi wake. Alipewa na uwanja, ule uwanja wa nyumba sita zinazotazamana, siku alipofua shuka arobaini za hospitali ya uzazi na povu likatiririka mfereji mzima mpaka mlangoni kwa fundi cherehani. Fundi akatoka na viatu mkononi, akasema huyu si mfuaji, huyu ni mama wa povu. Likamganda. Miaka ishirini na miwili baadaye hata mkunga mkuu wa hospitali, mwanamke ambaye kucheka kwake kulionekana mara moja kwa mwaka, alikuwa akiandika hivyo juu ya vifurushi: apewe Mama Povu.

Kazi yake aliijua kama mtu anavyoyajua meno yake. Shuka ya mzazi huiloweki kwenye maji ya moto. Damu ukiitia moto umeipika, itakaa hapo mpaka shuka ichanike. Unaanza na maji ya kisima yalivyo, unayamwaga mara tatu, ndipo unapaka sabuni ya mche na kufikicha kwa vifundo vya mkono, si kwa ncha za vidole. Ncha za vidole, alisema, ni za kupokelea pete. Wasichana waliokuja kujifunza kwake walikimbia wiki ya pili. Aliwatakia heri, wakapate waume wenye mashine.

Kisima kilikuwa nyuma ya jiko lake. Baba yake alikichimba, pima tano kwenda chini, wakati uwanja ukiwa bado majani. Nyumba zote sita zilichota humo bure, kwa sharti moja aliloliacha marehemu: kisima kisiguswe mpaka nyumba zote zimekaa zikasemezana, na neno la mwisho liwe la mwenye nyumba. Nyumba alirithi Mama Povu. Ufundi alirithi kaka yake mkubwa, ambaye watu walimwita Fuko, kwa jina la yule mnyama anayepita chini ya shamba la mtu bila kubisha hodi. Fuko alikuwa amechimba visima vya nusu ya mji. Ukimwonyesha kiwanja, alipiga kisigino mara mbili tatu, akakwambia maji yako wapi, na alikosea mara chache kiasi kwamba makosa yake yalikuwa na majina.

Siku sabuni ilipokataa kutoa povu, Mama Povu alikwenda kugombana na mwenye duka. Alimwekea mche wake juu ya meza akamwuliza tangu lini ameanza kuuza maziwa yaliyoganda, maana ndivyo ilivyokuwa: mabonge meupe yanaelea kwenye beseni, na shuka inateleza bila kutakata. Mwenye duka akampa mche wa kiwanda kingine. Huo nao ukaganda. Akampa wa tatu, akimwambia dada yangu, ukirudi tena nitakuuzia duka. Njiani Mama Povu akawaza kwamba sabuni tatu za viwanda vitatu haziwezi kula njama. Alipofika alichovya kidole kisimani, akakilamba.

Haikuwa ladha ya bahari. Bahari iko mwendo wa robo saa na ladha yake kila mtu anaijua. Hii ilikuwa kama jasho la juu ya mdomo, kidogo tu, linalokuja na kupotea.

Hakumwambia mtu. Lakini tangu siku hiyo alikuwa akionja mara mbili, alfajiri kabla ndoo ya kwanza haijashuka, na alasiri nyumba zote zikishachota. Ulimi ukamwambia jambo moja kila siku bila kubadilisha maneno: maji yaliyolala ni matamu, maji yaliyosumbuliwa yana chumvi. Kadiri mlivyochota ndivyo chumvi ilivyopanda. Akawa anafua alfajiri, akafikiri ameshinda.

Hakushinda. Mkunga mkuu alimwita, akamtandikia shuka moja mezani. Ilisimama yenyewe kama ubao.

"Watoto wa siku mbili, Mama Povu, wana vipele mgongoni mpaka matakoni," alisema. "Mimi nimekutetea mara mbili. Ya tatu sina maneno."

Akampa mwezi mmoja wa kujirekebisha.

Ndani ya mwezi huo ndipo alipokuja binti wa idara ya maji. Alikuwa mwembamba, viatu vina matope, na begi kubwa kuliko mgongo wake. Alisalimia kila mlango kwa heshima, akaomba ruhusa, akateremsha kisimani kipimo chenye waya mrefu, akakipandisha taratibu huku akiandika. Mama Povu alisimama nyuma yake mikono kiunoni, akisubiri aambiwe kwamba anafua vibaya. Binti alipomaliza alikaa kwenye ukingo wa karo la kufulia, akasema bahari imepanda. Huko kwenye ncha za dunia, juu na chini, kuna barafu nyingi kama nchi nzima. Joto limezidi, barafu inayeyuka, na maji yake yote yanaishia baharini. Bahari nayo ikipanda haiji kwa juu tu, kule barabara ya chini inakofurika. Inakuja pia chini ya ardhi, kimyakimya.

Mama Povu akamwuliza hiyo barafu ina chumvi? Haina, akajibiwa, ni maji matamu kabisa.

"Basi mbona ikifika kwangu imegeuka chumvi? Imekosana na nani njiani?"

Binti akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha akafuta macho, akatafuta namna ya kusema.

"Si barafu inayofika kwako, mama. Chukulia benchi la hospitali, limejaa watu. Akija mtu mnene akajibana mwisho kule, anayedondoka ni wa mwisho huku. Barafu imekaa kule, bahari imesogea, na nyinyi ndio mliokaa ukingoni."

"Na huyo mnene aliyeleta joto ni nani?"

Binti akasema ni wengi, wako mbali, wana viwanda na magari na taa zisizozimwa.

"Ataambiwa lini asimame?"

Binti alirudi kwenye lile alilolijua. Maji matamu, alisema, yanakaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Ukiyaengua polepole utapata. Ukizamisha kijiko utapata mchuzi. Wachote kwa zamu, wachote kidogo, na wafanye lolote wanalotaka isipokuwa moja: wasichimbe kwenda chini. Wakichimba wameifungulia bahari mlango, na mlango huo haufungiki.

Mama Povu alimwamini. Hilo liandikwe. Alimwamini kwa sababu ulimi wake ulikuwa umeshamwambia hayo hayo, bila kipimo wala waya. Binti alitakiwa achukue sahihi kwamba wenye kisima wameonywa, lakini karatasi zilikuwa zimemwishia nyumba ya tatu nyuma, akasema atarudi nazo kesho. Mama Povu alikuwa ameshampa chai na kumkalisha kwenye kigoda chake mwenyewe. Akamwambia mwanangu, usijisumbue na jua hili, neno langu linatosha. Binti akamshukuru, akaenda zake.

Habari zilimfikia Fuko kabla jua halijazama.

Sasa, ili ujue kwa nini mambo yalikwenda yalivyokwenda, ni lazima umjue Fuko wa siku zile. Miaka miwili kabla ya hapo lilikuja mjini gari la kutoboa ardhi. Kazi iliyomchukua Fuko mwezi, gari liliimaliza kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana, na dereva wake hata hakuchafua kola. Tangu hapo hakuna aliyemwita Fuko kupiga kisigino. Alikuwa akikaa mlangoni kwake anapaka mafuta mpini wa sururu. Mke wake alimfuata Mama Povu mara mbili kwa siri. Mara ya pili alimwambia, wifi, kama unanipenda mpe mume wangu hata shimo la taka achimbe, maana sasa ameanza kunipangia vyungu jikoni.

Kwa hiyo nyumba sita zilipokaa uwanjani kusemezana juu ya kisima, Fuko alikuja amenyoa, shati limepigwa pasi, na sururu amekuja nayo. Alisimama katikati. Alisema kisima kikisinzia huamshwa kwa sururu, hakuna dawa nyingine na haijapata kuwapo. Baba yao alikomea pima tano kwa sababu kifua kilikuwa kinamsumbua, si kwa sababu maji yalikwisha. Pima mbili tu tena, alisema, na yako maji huko mtayakimbia.

Fundi cherehani, mtu mwenye tabia ya kuuliza akiwa na pini mdomoni, akauliza je, si yule binti alikataza kuchimba?

"Yule ana miaka mingapi?" Fuko alisema. "Kisima hiki kinamzidi mama yake umri. Kingekuwa mtu angekiamkia."

Watu wakacheka. Kilikuwa kicheko kizuri, cha watu waliokwisha kuamua. Kisha wote wakamgeukia Mama Povu, maana neno la mwisho lilikuwa lake.

Alijua. Mtu asije akasema hakujua. Alikuwa na maneno yote mdomoni: alfajiri matamu, alasiri chumvi, kadiri mnavyosumbua ndivyo yanavyopanda. Maneno manne matano yangetosha. Lakini alimtazama kaka yake, akaona jinsi alivyoishika ile sururu, kama mtu aliyebeba mtoto na anaogopa kuambiwa amrudishe kwa mama yake. Alifikiri juu ya kumkatalia mbele ya nyumba sita, yeye mdogo, mwanamke, kwa ushahidi wa ulimi wake. Alifikiri juu ya wifi na vyungu. Na chini kabisa, mahali ambapo mtu hapendi kupachungulia, alifikiri pia kwamba labda kaka angepatia, na mwezi wa mkunga mkuu ulikuwa umebaki siku tisa.

"Chimba," akasema.

Alichimba siku tatu, na kusema kweli ilikuwa raha kumwangalia. Aliteremka amejifunga kamba kiunoni, vijana wawili wa fundi cherehani wakivuta kamba kwenye gurudumu la kapi, udongo ukipanda ndoo kwa ndoo, kwanza mwekundu, halafu mweupe wenye vipande vya magamba ya chaza. Kutoka chini alikuwa akiimba na kutukana mawe. Chakula alikula amekaa kwenye mdomo wa kisima miguu ikining'inia, akiwaeleza wasikilizaji wake kuhusu mawe mengine aliyowahi kuyashinda. Siku ya tatu mchana akapiga kelele wamvute upesi. Alitoka amelowa mpaka kifuani, mzee wa miaka sitini na kitu, anacheka meno yote nje. Maji yalikuwa yamepasuka chini ya miguu yake. Uwanja mzima ulipiga makofi, na fundi akasema tangu leo gari la kutoboa likakojoe huko.

Mama Povu aliteremsha ndoo. Akachota kiganja, akaonja. Watu walikuwa bado wanapiga makofi.

Ilikuwa bahari. Si jasho tena. Bahari yenyewe, na uchungu wake wa nyuma ya ulimi.

Alimwambia kaka yake maji yana tope, yaachwe yatulie. Wakayaacha siku moja, wakayaacha siku tatu, wakayaacha siku saba. Alfajiri hakukuwa tena na maji yaliyolala. Yalikuwa chumvi asubuhi, chumvi mchana, mengi, safi, yanang'aa, pima mbili na nusu za maji ambayo hata kuku aliyanusa akaondoka. Siku ya kumi hospitali ilituma mtu kuchukua vifurushi vilivyobaki. Shuka zingepelekwa ng'ambo ya mji kwenye mashine. Mkunga mkuu hakuja mwenyewe. Alituma salamu tu.

Uwanjani hakuna aliyemtukana, na hilo ndilo lilikuwa baya. Walinunua maji kwa wenye mikokoteni, wakapita mbele ya mlango wake na madumu, wakamsalimia kwa urefu usiohitajika. Mke wa fundi peke yake alisema alichofikiri, akiwa anaongea na mtoto wake lakini kwa sauti ya kufika jikoni kwa jirani: mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Fuko naye, alipoulizwa mtaani, alikuwa akijibu kwamba yeye ni fundi, fundi hutumwa. Aliyesema chimba ni dada.

Wiki ya nne ikapigwa mbiu kwamba idara ya maji itawapa tangi na gari la maji kila wiki wale ambao visima vyao vimeuawa na bahari. Lakini waliokwisha kuonywa na bado wakakiharibu kisima kwa mikono yao hawatapata kitu. Mkuu wa idara angepita mwenyewe, nyumba kwa nyumba, na yule binti.

Jioni ile nyumba sita zilikaa tena. Safari hii hakuna aliyesimama katikati. Fundi alisema watoto wake wanaoga kwa kikombe. Jirani mwingine, mwenye mama asiyeinuka kitandani, alitazama chini tu. Fuko ndiye aliyetoa wazo.

"Yule binti sahihi hana," alisema. "Ni neno lake moja kwa neno la nyumba sita."

Alilisema taratibu, kama anavyosema anapopima kamba. Na wote, kama mara ya kwanza, wakamgeukia Mama Povu.

Mkuu wa idara alikuja asubuhi, mtu mnene wa kujipepea na faili. Alichungulia kisima, akapiga mluzi, akauliza swali lake: je, kabla ya kuchimba waliwahi kuonywa na mtu wa idara? Binti alikuwa amesimama nyuma yake na begi lile lile. Hakuwa na wasiwasi. Alikuwa amemtazama Mama Povu kama mtu anayemtazama mama yake kwenye kikao cha watu wasiomjua.

"Hatukuonywa," alisema Mama Povu.

"Mama?" binti akasema.

Akangoja. Mkuu akaandika, akageuka kumwuliza binti iko wapi karatasi ya sahihi, naye akasema karatasi zilimwishia siku ile.

Tangi lilifika kabla ya mwezi kwisha, jeusi, limewekwa juu ya matofali mahali ambapo Mama Povu alikuwa akianikia. Majirani walianza tena kumsalimia kwa urefu wa kawaida. Mke wa fundi alimletea kitambaa cha meza alichokidarizi mwenyewe. Maji ya tangi yalitosha kupika na kuoga na kufua nguo zako mwenyewe. Kwa shuka arobaini hayakutosha, na hakuna aliyezileta. Kuhusu binti, wenye mikokoteni ndio waliosimulia: amefukuzwa, kwa kuwaachia watu waharibu kisima bila kuwaonya.

Mahali pake akawekwa kijana mpole, mwenye mwavuli. Alikuja na kipimo kile kile. Alikiteremsha, akakipandisha, akaandika, akafunga daftari. Mama Povu alimwuliza vipi hali, na huko mtaa wa juu vipi.

"Mimi napima tu, mama," kijana alisema. "Aliyekuwa anasema hayupo."

Huko mtaa wa juu chumvi ilikuwa imeshaanza. Mwoka mikate, mwenye kisima kikubwa kuliko vyote upande ule, alilalamika unga hauumuki vizuri na wateja wanasema mkate umezidi chumvi na yeye hajatia hata chembe. Alikuwa amesikia juu ya kisima kilichotoa maji mpaka kifuani. Ya baadaye alikuwa ameyasikia pia, lakini Fuko alimweleza kwamba cha dada kilikuwa karibu mno na bahari, na ardhi ya juu ni nyingine kabisa, amepiga kisigino amesikia. Mwoka mikate akampa kazi.

Mama Povu alipata habari siku yenyewe, na sururu imeshapita mlangoni kwake. Alipanda mwinuko wa kwenda mtaa wa juu akiwa na ndara. Alikuta watu wamezunguka kisima, Fuko anajifunga kamba kiunoni, mwoka mikate amesimama na unga mpaka kwenye viwiko. Akasema yote, bila kupumzika, kama anayekamua: wasichimbe, maji matamu yanakaa juu kama mafuta juu ya mchuzi, wachote kidogo kwa zamu, wakizamisha sururu wamefungua mlango usiofungika. Alisema aliyejua hayo alimweleza, yule binti wa idara, akiwa amekaa kwenye kigoda chake, kabla wao hawajachimba.

Mwoka mikate hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, nisaidie nielewe," alisema. "Mbele ya mkuu wa idara ulisema hakuna aliyewaonya. Mji mzima unajua, na ndiyo mkapewa tangi. Ulidanganya siku ile, au unadanganya leo?"

"Siku ile."

"Nani mwingine alijua?"

"Nyumba zote sita. Na kaka yangu huyu."

Watu wakamtazama Fuko. Alikuwa amemaliza fundo, akalivuta mara mbili kulijaribu. Hakumtazama dada yake.

"Dada amepoteza kazi yake ya miaka mingi," alisema, kwa upole mkubwa, upole ambao Mama Povu hakupata kuusikia kwake tangu baba yao azikwe. "Ana uchungu. Mumwie radhi."

Basi mke wa mwoka mikate akamshika mkono, kwa adabu zote, akamsindikiza mpaka barabarani akimwambia pole mama, pole, yatapita. Akamwacha hapo. Nyuma yao kapi lilianza kulia, na Fuko, akiwa ameshafika chini, akaanza kuimba.